Krenki Imelika: Jinsi ya Kuamua Kama Itapona

Pikipiki nyingi hunifikia zikisukumwa, nyingine zimelazwa juu ya mkokoteni, na mwenyewe ameshataja ugonjwa kabla sijashika spana. "Mzee, krenki imeenda. Itatengenezeka ama nianze kuchanga pesa ya nyingine?" Krenki ni ile shafti ya ndani ya injini inayogeuza kupanda na kushuka kwa pistoni kuwa mzunguko. Gereji yangu iko karibu na soko la Kibuye hapa Kisumu, na swali hilo nimeulizwa na watu wa boda wa Kondele, wa Ahero, wa Kiboswa, hadi wa Budalang'i. Silijibu papo hapo. Anayejibu papo hapo ni mmoja kati ya wawili: muuza spea anayetaka utoke na boksi jipya, au fundi anayetaka kazi ya siku mbili bila kujua atakachokikuta ndani.

Hapa naeleza ninavyoamua mimi. Vipimo vichache vinahitaji vifaa vya maana. Vingi vinahitaji vidole, kucha, mafuta taa na kipande cha chaki.

Kinacholika na kinachobeba

Krenki ya gari kwa kawaida ni chuma kimoja. Ikilika husagwa, ikavalishwa beringi za bamba nene kidogo, kazi ikaendelea. Ya pikipiki ya silinda moja haiko hivyo, iwe ni Boxer, TVS, au zile za Kichina zenye injini ya muundo wa CG ya Honda. Ni vipande vilivyokazwa kwa presi, mashine ya kusukuma chuma kwa nguvu kubwa: sahani mbili nzito za chuma, kila moja na shafti yake inayotoka nje, pini moja inayozishika sahani hizo, konrodi (mkono unaoshuka kutoka kwenye pistoni) inayozunguka kwenye pini, na kati ya konrodi na pini, keji, yaani kifremu chenye rola ndogondogo. Hakuna boliti hata moja. Kila kitu kinashikiliwa na chuma kubana chuma.

Uamuzi wote umelala hapo. Pini, keji na konrodi huuzwa pamoja kama seti, na beringi mbili kubwa za pembeni zinapatikana dukani kama beringi nyingine yoyote. Vikilika hivyo, krenki inatibika. Lakini matundu ya sahani yanayoibana pini, pamoja na shafti zinazokaa ndani ya beringi, ndiyo krenki yenyewe. Yakilegea hayo, seti mpya haina pa kushika. Kwa hiyo mtu akiniambia krenki imelika, mimi nataka kujua imelika wapi.

Sikiliza kabla ya kufungua

Mlio wa krenki una majirani wengi. Nikiambiwa injini inagonga, huanza na vitu vya bei rahisi: nati ya magneto (gurudumu la sumaku linalozalisha umeme) iliyolegea, basketi ya klachi, cheni ya taimingi, pistoni inayopwaya ndani ya silinda. Nati ya magneto peke yake imewatia watu hasara ya kupasua injini nzima bure. Fungua kava ya kushoto, ishike magneto kwa mkono, itikise. Ni kazi ya dakika kumi.

Kisha weka ncha ya bisibisi ndefu kwenye kesi ya injini na mpini wake sikioni, injini ikiwaka. Pistoni inayopwaya hupiga kelele zaidi injini ikiwa baridi, na hupungua ikipata moto. Beringi kubwa za pembeni hunguruma kama mashine ya posho ya kijiji cha pili, mngurumo usiokatika unaopanda pamoja na spidi, na dereva huusikia hadi kwenye nyayo. Jicho kubwa la konrodi, lile la chini linalovaa pini, lenyewe hugonga: ko-ko-ko nzito, na hujitokeza unapovuta mafuta halafu ukaachia ghafla. Ukishasikia hiyo, zima. Usiirudie mara tatu ili kila mtu wa stegi aje asikie. Konrodi ikikatika hutoboa kesi, na hapo krenki inakuwa sehemu ndogo ya bili.

Mwaga oili kwenye karai safi na upitishe sumaku ndani yake. Vumbi laini la kijivu ni la kawaida kwa injini iliyofanya kazi. Vipande bapa vinavyong'aa kama magamba ya ngege si vya kawaida. Vikinaswa na sumaku ni chuma, yaani rola, pini, au njia ya beringi imeanza kubanduka. Visiponaswa ni alumini, na huenda ugonjwa uko kwenye pistoni au kwenye kesi. Angalia pia chujio la oili na ile kopo ya kuchujia iliyo kwenye ncha ya krenki upande wa klachi, kama injini yako inayo. Mara nyingi takataka zote za miaka mitatu zimejikusanya humo zikikungoja.

Mtihani wa kidole, na kosa ambalo kila mtu hulifanya

Ondoa hedi, ondoa silinda, ondoa pistoni. Kabla ya kugusa pistoni, ziba mdomo wa kesi kwa kitambaa kisafi ili klipu ya pini yake isidondoke ndani. Sasa konrodi imesimama mbele yako.

Mwezi uliopita kijana mmoja wa Kiboswa alikuja akiwa amejifungulia mwenyewe hadi hapo. Akashika kichwa cha konrodi akakipeleka kushoto na kulia mbele yangu. "Ona, Mzee. Imekwisha kabisa. Inacheza hivi!"

"Hiyo ni ya pembeni, kijana. Hiyo imewekwa makusudi. Sasa iinue juu."

Akaivuta juu, akaisukuma chini. Haikutoa chochote. Nikamwambia aioshe. Akanitazama kama ninayempotezea muda, lakini akachukua chupa ya mafuta taa na sindano, akapiga jicho la chini mpaka oili yote ikatoka, tukapuliza kwa hewa. Akarudia. Safari hii mkono wake ulisimama katikati. "Kuna kitu kimegonga." Nami niliisikia kutoka nilipokuwa nimekaa: tik, ndogo sana, kama kucha ikigusa kikombe.

Yale ni mambo mawili na yote yana uzito. La kwanza, konrodi inapaswa kucheza kidogo pembeni, na kwa kuwa ni ndefu, uchezaji mdogo wa chini huonekana mkubwa juu. Pima chini, si juu: ingiza fila geji, yale mabamba membamba ya kupimia nafasi, kati ya jicho kubwa na sahani. Vitabu vya injini ndogo nyingi za muundo wa Honda vinaruhusu hadi milimita 0.80 kabla ya kubadilisha. La pili, uchezaji wa juu-chini haupaswi kusikika. Mpaka wa vitabu hivyo ni milimita 0.05, na jicho haliwezi kuuona ukubwa huo. Ila mkono huujua, mradi jicho la konrodi ni kavu. Likiwa na oili, oili hujaza nafasi na kukudanganya.

Jaribu krenki ikiwa juu kabisa, kisha robo mzunguko, kisha chini, kisha robo nyingine. Pini hailiki sawasawa pande zote, kwa sababu mlipuko huisukuma upande mmoja kuliko mwingine. Nimewahi kupata krenki iliyo kimya mahali patatu na kugonga mahali pa nne.

Isipogonga popote, ukizungusha ikawa laini bila kukwaruza, na hakuna magamba kwenye karai, usiitoe. Funga. Ugonjwa uko kwingine.

Pima pia jicho dogo la juu. Ingiza pini mpya ya pistoni, au sehemu ya pini ya zamani isiyoguswa na konrodi, na uitikise. Kwenye injini zenye pini ya milimita 15, kama CG125, tundu hilo likifika milimita 15.06 konrodi imekwisha. Halina bushi ya kubadilisha, kwa hiyo konrodi nzima huenda, na konrodi ikienda seti yote huenda.

Kuitoa bila kuiua

Krenki nyingi zilizokuwa za kupona hufia kwenye hatua hii. Mtu anachukua nyundo, anapiga ncha ya shafti, nyuzi za nati zinabonyea, na sahani zinapinduka kidogo kwenye pini. Tumia pula, kifaa cha kuvutia vitu vilivyobana. Kama huna, pasha kesi moto mpaka tone la maji likidondoka juu yake linachemka. Alumini hutanuka kuliko chuma, na krenki huteleza na beringi zake kama kijiko kinachotoka kwenye uji. Magneto nayo ina pula yake yenye nyuzi. Usiichokonoe kwa bisibisi mbili.

Ioshe, halafu uisome

Osha kwa mafuta taa, kisha petroli kidogo, kausha. Nenda nayo nje kwenye mwanga wa jua. Taa ya simu huficha vitu.

Tazama rangi kwanza. Chuma cha krenki kimefanywa kigumu juu ili rola zisikichimbe. Kikipata joto kupita kiasi hugeuka rangi ya majani makavu, kisha zambarau, kisha buluu. Buluu kwenye konrodi au pini ni sawa, vinabadilishwa. Buluu ikiwa imeingia kwenye sahani kuzunguka tundu la pini, mimi naiweka krenki kando. Tundu hilo limepashwa, na siamini tena kwamba litabana.

Pili, kucha. Ipitishe polepole mahali beringi hukaa kwenye shafti. Alama unayoiona lakini kucha haiisikii ni kovu tu. Alama inayokwamisha kucha ni jeraha.

Tatu, chaki. Hii ni ya mafundi wa zamani na inafanya kazi. Loweka krenki kwenye mafuta taa usiku kucha. Asubuhi ipanguse ikauke kabisa, halafu isugue chaki iliyosagwa: kuzunguka matundu ya pini, mahali shafti inapotoka kwenye sahani, kwenye mfereji wa ile kii ya nusu mwezi inayoiweka magneto mahali pake, na mwisho wa nyuzi za nati. Ngoja nusu saa. Mahali penye ufa, mafuta taa yaliyojificha ndani hutoka polepole na kuchora mstari mwembamba wa kijivu juu ya weupe. Ufa wowote, hata wa urefu wa punje ya mchele, unamaliza maneno. Ufa hauchomelewi kwenye krenki.

Pikipiki zilizozama

Upande huu wetu hatuwezi kuandika habari za krenki bila kutaja maji. Nyando hufurika, Nzoia hufurika, na kila msimu wa mvua nyingi, kama ule wa 2024, kuna pikipiki zinazolala ndani ya maji siku mbili tatu. Mwenyewe akiipata, jambo la kwanza analofanya ni kupiga kiki.

Usipige. Maji hayabanwi kama hewa. Pistoni ikipanda na silinda ina maji, kitu kitakachokubali kupinda ni konrodi. Toa plagi kwanza, uzungushe injini polepole kwa mkono maji yatoke.

Kama ameshapiga, pima konrodi kabla ya kuitoa krenki. Ingiza pini ya pistoni kwenye jicho dogo, izungushe krenki mpaka ncha zote mbili za pini zikaribie uso wa kesi pale gasketi ya silinda inapokaa, na upime nafasi chini ya kila ncha kwa fila geji. Zisipolingana, konrodi imepinda. Pistoni nayo hutoa ushahidi: mikwaruzo yake inakuwa ya mshazari, juu upande mmoja na chini upande wa pili.

Ugonjwa mwingine wa maji ni kutu. Oili inageuka kama chai ya maziwa, rola zinakaa mahali pamoja kwa wiki, na zinachora mistari kwenye pini iliyopangika kama meno ya kitana. Ukiizungusha kwa mkono utasikia inakwaruza kidogokidogo. Hii hupona vizuri, maana kilichoharibika ni pini, rola na konrodi. Kutu ikiwa imekula shafti pale pa beringi au pale pa sili, rudi kwenye kipimo cha kucha.

Shafti, tepa na ujanja wa panchi

Beringi za pembeni katika injini nyingi hizi hukazana na shafti. Ukitoa beringi ya zamani ukakuta chini yake pameng'aa kama kioo, au pana rangi ya kahawia ya kusagana, beringi ilikuwa inazunguka juu ya shafti. Chukua beringi mpya ya namba ileile uijaribu. Ikiingia kwa kusukuma na kidole mahali palipotakiwa presi, shafti imepungua.

Kuna gundi maalumu ya kushikilia beringi, na kama shafti bado ni mviringo safi na ulegevu ni kidogo sana, hiyo gundi hufanya kazi ya heshima. Kuna pia ujanja wa kupiga shafti vidoti kwa panchi, kile chuma chenye ncha, ili iinuke. Nimeufanya nilipokuwa mwanafunzi, na nimeziona zote zikirudi. Beringi inakaa juu ya vidoti vichache badala ya chuma kizima, vidoti vinasagika, na krenki inaanza kuyumba. Kuchomelea shafti na kuikereza upya kunawezekana kwa fundi hodari wa kukereza, lakini joto la kuchomelea hupindisha na huacha nyufa chini ya mahali palipochomelewa. Kwa pikipiki ya kazi, inayobeba watu kila siku, mimi sikubali.

Upande wa magneto kuna tepa, ile sehemu iliyochongoka. Kii ya nusu mwezi ikikatika, magneto huzunguka na kuila tepa. Paka tepa wino wa kalamu ya maka, vaa magneto bila kii, izungushe kidogo, itoe. Wino ukiwa umefutika karibu kila mahali, au angalau robo tatu yake, tepa bado inashika. Makovu madogo unaweza kuyasawazisha kwa ile dawa ya kusagia valvu, ukizungusha magneto kwa mkono juu ya tepa, kisha ukaosha dawa yote iishe. Mfereji wa kii ukiwa umepanuka, usidanganyike na kii nene. Kinachoishika magneto ni tepa. Kii huipa mahali tu.

Sikiliza presi

Ikiwa mpaka hapa sahani na shafti zimefaulu, krenki inaenda kwa fundi wa presi kubadilishiwa seti. Nenda naye, au umwambie akuite. Pini nzuri inayotoka kwenye tundu zuri hukataa kwanza. Presi inajaa, geji inapanda, kila mtu anarudi hatua nyuma, halafu paa! inaachia. Pini inayotoka kimya baada ya kupampu mara tatu inakwambia tundu limechoka. Pini mpya ikiingia kimyakimya vilevile, hiyo krenki ni ya skrapu, hata kama inang'aa.

Hapo ndipo utakapoambiwa, "Tutaipiga welding kidogo pembeni, haitatoka." Kuchomelea ncha ya pini inayobana vizuri ni kinga inayotumiwa hata kwenye injini za mashindano. Kuchomelea ili kuficha tundu lililolegea ni kitu kingine. Katikati ya pini bado kunacheza, na welding itakatika.

Angalia pia ndani ya tundu baada ya pini kutoka. Mikwaruzo mirefu iliyochimbika inamaanisha krenki imeshapitia presi zaidi ya mara moja. Mimi nakubali ya pili. Ya tatu nakataa.

Tundu la oili, ambalo limenipa wateja wengi

Krenki moja ililetwa ikiwa na wiki mbili tangu itengenezwe kwingine. Seti ilikuwa mpya, sahani nzuri, imenyooka vizuri. Rola zilikuwa buluu na keji imeyeyuka ukingo. Nikachukua sindano ile kubwa ya kudungia ng'ombe, nikaijaza oili, nikaibana kwenye tundu la ncha ya shafti upande wa klachi na kusukuma. Haikusogea. Pini ilikuwa imeingizwa imegeuka; tundu lake halikutazamana na la sahani.

Kwenye nyingi ya injini hizi, oili ya jicho kubwa huingia kwa ncha ya shafti, hupita ndani ya sahani, huingia ndani ya pini, na kutokea katikati ya rola. Ukigeuza pini, umeziba mshipa. Kwa hiyo kabla ya kumlipa fundi wa presi, fanya jaribio la sindano mbele yake: sukuma oili kwenye shafti na uone ikichuruzika kwenye jicho kubwa. Fanya hivyo hata kwa krenki mpya ya dukani. Na ukifunga kava ya klachi, hakikisha kile kipande kidogo kinachopeleka oili kwenye ncha ya krenki, pamoja na springi yake, vimerudi mahali pake. Vingi hubaki sakafuni.

Kuyumba

Krenki iliyotoka kwenye presi lazima inyooshwe. Ilaze kwa beringi zake kwenye vee bloki, vile vikalio vyenye mfereji wa umbo la V, weka dayo geji, kipimo chenye mshale, kwenye ncha moja ya shafti kisha nyingine, zungusha polepole. Vitabu vingi vinatoa mpaka wa milimita 0.10. Krenki iliyotengenezwa upya mimi nataka isome 0.03 au chini, maana 0.10 ni mwisho wa barabara, hatuanzii hapo.

Mshale ukipanda upande mmoja mahali unaposhuka upande mwingine, sahani zimepindana kwenye pini, na hurekebishwa kwa nyundo ya shaba kwenye ukingo. Ncha zote mbili zikipanda pamoja upande wa pini, sahani zimefunguka upande ulio mkabala na pini. Zikipanda pamoja upande ulio mkabala, zimebanana huko. Yote hayo ni kazi ya kawaida. Lakini shafti ikiwa imenyooka karibu na sahani na inayumba ncha tu, shafti yenyewe imepinda, pengine pikipiki ilianguka upande huo. Hiyo hainyooshwi.

Usipokuwa na dayo geji, funga kipande cha chuma chenye ncha karibu na shafti na upime nafasi kwa fila geji huku ukizungusha. Si kipimo cha kujivunia, lakini kitakuonyesha krenki mbaya.

Kilichoiua

Krenki haifi bila sababu, na sababu isipotolewa itaila na ya pili. Angalia pampu ya oili kama imekwaruzika, chujio kama limeziba. Muulize dereva anabadilisha oili lini, na usiridhike na jibu la kwanza. Injini nyingi hizi zinabeba takriban lita moja, kwa hiyo robo lita ikipungua ni robo ya damu yote.

Muulize pia anapandaje mlima. Wale wa njia ya Kiboswa kwenda Majengo wananielewa: abiria wawili, gunia la mahindi, gia ya nne, injini inatetemeka nusu ya kuzima, yote kwa kuokoa mafuta. Mlipuko unaisukuma pini kwa nguvu zote wakati pampu inazunguka polepole. Petroli aliyookoa kwa mwaka mzima haifiki bei ya seti.

Hesabu ya pesa

Kabla ya kuamua, uliza bei tatu siku hiyohiyo: krenki nzima mpya, seti ya konrodi pamoja na beringi mbili, na kazi ya presi na kunyoosha. Bei ya pili na ya tatu zikijumlishwa zikapita theluthi mbili ya ile ya kwanza, mimi humshauri mteja anunue nzima, mradi iwe ya kiwanda chenyewe au ya jina linalojulikana. Chini ya hapo, na sahani zikiwa zimefaulu, tengeneza. Krenki ya asili yenye sahani nzuri na seti nzuri naiamini kuliko mpya ya bei rahisi isiyo na jina. Nimeshapima mpya ndani ya karatasi yake ya nailoni ikayumba zaidi ya ile tuliyokuwa tukiitupa.

Ya mtumba ipitishe kwenye vipimo vyote hivi kama iliyolika, ukianza na mafuta taa na mtihani wa kidole pale pale kwa muuzaji. Akikukataza kuiosha, endelea na safari yako.

Beringi mpya zilingane na za zamani mpaka maandishi ya mwisho. Kama ya zamani iliandikwa C3, mpya iwe C3. Herufi hiyo ni nafasi ya ndani ya kutanukia ikipata moto, na bila hiyo beringi hujibana.

Kijana wa Kiboswa tulimtengenezea. Sahani zilikuwa nzima, pini ilitoka kwa kishindo, na krenki ilisoma 0.02 upande mmoja na 0.03 upande wa pili. Nilimwambia aendeshe kilomita 300 bila mzigo na gia za chini mlimani, kisha arudi tumwage oili. Alirudi akiwa na 340 kwenye mita. Tuliimwaga kwenye karai, tukapitisha sumaku. Ilitoka na vumbi la kijivu, bila gamba hata moja.